Spitfire ipi? Soma namba kabla hujaruka

Msimu wa korosho ukifika, banda langu la gemu hapa Chikongola, Mtwara, hujaa mpaka usiku. Swali ni lilelile: "Kaka, ndege ipi kali?" Jina pekee halitoshi. Angalia toleo, kwa sababu Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, ni ukoo mzima.

Chukua Mk I (Mk ni "Mark", yaani toleo), ile ya mapigano ya 1940. Injini yake, Merlin, inatumia kabureta. Ukisukuma joistiki mbele kwa ghafla, mafuta yanakatika na injini inakohoa. Bf 109 E ya Wajerumani inapuliziwa mafuta kwa shinikizo, kwa hiyo adui akiinamisha pua anakuacha hapohapo. Dawa yake: geuza kwanza ndege tumbo lielekee juu, ndipo uvute joistiki. Utashuka naye na injini haitazima. Fanya zoezi hili ukiwa juu sana, mpaka mkono uzoee.

Mk V ilitoka 1941, na mwaka huohuo Fw 190 ya Wajerumani ikaja kuionea. Jibu la Waingereza lilikuwa Mk IX ya 1942, yenye Merlin ya supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) ya hatua mbili, haiishiwi nguvu kule juu hewa inakokuwa nyembamba. Ukipewa uhuru wa kuchagua, chukua hii. Naipenda kuliko zote.

Mk XIV usiikimbilie. Ina injini ya Griffon, na propela yake inazunguka upande wa pili. Kwenye Merlin, ukiongeza moto pua inakimbilia kushoto, unakanyaga pedali ya kulia. Kwenye Griffon ni kinyume chake, na mguu uliozoea Merlin utakutoa nje ya njia kabla hujapaa. Ongeza moto taratibu.

Kama ndiyo unaanza kabisa, chukua Hurricane Mk I, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza. Magurudumu yake yamepanuka, kutua kunasamehe, tofauti na Spitfire na Bf 109 ambazo miguu yao imebanana. Kwenye DCS World, gemu ya kurusha ndege, kuna TF-51D ya bure, toleo la mafunzo la P-51D, haina silaha, lakini inafundisha vizuri.

Ukihamia P-51D yenyewe, ndege ya kivita ya Wamarekani, usijaze mafuta. Tangi la nyuma ya rubani likijaa, mkia unakuwa mzito na kona kali itakuzungusha. Weka nusu, ndipo uruke.