Mambo ya kuzingatia kabla ya kusogeza taimingi ya kemshafti

Sisi tunaopeleka mizigo mashambani nje ya Malindi, ambako gari huacha lami na kuingia mchangani, hushawishika mapema kuitanguliza kemshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga valvu za injini, ili ufanye kazi mapema kidogo. Hamu hiyo ina msingi. Kemshafti ikitangulizwa, valvu za kuingiza hewa hufunguka na kufunga mapema, na injini huvuta vizuri zaidi katika mzunguko wa polepole. Ikicheleweshwa, nguvu huhamia kwenye mzunguko wa kasi. Hata hivyo, usimruhusu fundi ashike spana kabla hujayatimiza haya.

Pima mgandamizo wa kila silinda, kwa maana ringi zilizochakaa haziponywi na taimingi. Mkanda wa taimingi, unaoizungusha kemshafti, na rola yake ya kukazia viwe vizima. Gari lenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu wenyewe, liache kabisa, kwa sababu kompyuta ndiyo inayoisogeza kemshafti. Kama distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, inaendeshwa na kemshafti, tafuta taa ya taimingi, kwani moto wa plagi nao utasogea. Bolti zilizokula chumvi ya bahari zinyunyizie mafuta tangu usiku.

La muhimu kuliko yote, ulizia kama injini yako ni ya aina ambayo pistoni ikiwa juu na valvu ikiwa wazi hugombea nafasi moja. Mimi sikuuliza. Pikapu yangu ya petroli ilikuwa na puli ya kawaida ya kemshafti yenye meno 48, na fundi akataka kuusogeza mkanda kwa jino moja, akaniambia, "Jino moja tu, mzee, halina madhara." Nilikubali, kwa kuwa jino lenyewe nililiona, halizidi unene wa kidole cha mtoto. Hesabu niliifanya baadaye: digrii 360 ukizigawa kwa meno 48 unapata 7.5, na kwa kuwa krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kemshafti inapozunguka mara moja, jino lile lilikuwa digrii 15 za krenkshafti. Marekebisho ya busara ni digrii 2 hadi 4, na hufanywa kwa puli maalumu yenye matundu marefu ya bolti, si kwa kurusha jino.

Ufunguo ulipogeuzwa, ulisikika mlio mkavu, kisha stata ikaizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, kama kwamba silinda hazina kitu. Hedi ilipofunguliwa, juu ya kila pistoni palikuwa na alama inayong'aa yenye umbo la mwezi mchanga, na valvu niliyoiviringisha juu ya kioo iliyumba kichwa, kwa kuwa ilikuwa imepinda. Nilinunua valvu zote za kuingiza hewa pamoja na gasketi ya hedi, na kwa wiki tatu nilibeba mizigo ya watu kwa gari la kukodi.

Kwa hiyo, taimingi ikishasogezwa na kabla ya kuwasha injini, toa plagi zote, ili uzito wa mgandamizo usiudanganye mkono, kisha izungushe krenkshafti kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili kuelekea upande inakozunguka injini. Ikigota, usilazimishe, rudi kwenye alama. Ufunguo wa gari ukae mfukoni mwako hadi mizunguko hiyo ikamilike mbele ya macho yako.

Alama za mwanzo zipake rangi kabla mkanda haujatoka. Kazi hii usiifanye jioni ya kuamkia safari ya Garsen, wala usiifanye wakati fundi ana gari jingine linalomngoja, na siku za mwanzo usiende mbali na mji.