Kuunganisha risiva ya AIS kwenye plota ya boti

Ukitoka Kunduchi alfajiri kwenda kuvua upande wa Unguja, na mvua ya masika imefunga, unakata njia ya boti za abiria za Dar es Salaam na Zanzibar na ya meli za mizigo zinazoingia bandarini. Boti ya abiria ya mwendo kasi inapita maili 25 za bahari kwa saa. Wewe ukienda 15 na mmeelekeana, mnakaribiana kwa maili 40 kwa saa, yaani maili kumi zinakwisha kwa robo saa. Ndiyo maana kila mwenye boti anayeniita nimfungie plota mpya, yaani skrini ya ramani ya baharini, namshauri aongeze na risiva ya AIS, chombo kinachosikiliza meli zinavyojitangaza kwa redio. Kuifunga ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye subira na multimita.

Mimi ni fundi umeme wa boti. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya kwenye boti za faiba za futi 25 hadi 35, zenye umeme wa volti 12.

Meli kubwa hujitangaza zenyewe kwa redio: jina, namba, mahali zilipo, mwendo na uelekeo. Mkataba wa kimataifa wa SOLAS unazitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, pamoja na meli za abiria, ziwe na chombo hicho cha kujitangaza, ndiyo AIS. Matangazo hutoka kwenye masafa mawili ya VHF, 161.975 na 162.025 MHz. Risiva inayasikiliza, inayageuza kuwa data, kisha inaipelekea plota, nayo inachora kila meli kama pembetatu juu ya ramani. Shika hili tangu mwanzo: risiva inasikia tu. Meli utaiona, yenyewe haitakuona.

Kabla hujanunua, fungua kitabu cha plota yako utafute mambo mawili. Je, inakubali AIS? Plota nyingine ndogo, hasa za zamani, zina tundu la data lakini hazijui kuchora meli. Na je, inaongea kwa NMEA 0183, yaani nyaya zilizo wazi nyuma ya plagi, au kwa NMEA 2000, yaani plagi za mviringo za kufunga kwa mkono? Nunua risiva inayoongea lugha ya plota yako. Vifaa vya kutafsiri kati ya lugha hizo mbili vipo, ila vinaongeza gharama na plagi nyingine ya kuliwa na chumvi.

Antena kwanza

Nguvu kubwa ya kazi hii iwekwe hapa. Risiva ya bei ya chini yenye antena nzuri itaishinda ya ghali yenye antena mbovu, hilo nimeliona boti hadi boti.

Ipe risiva antena yake yenyewe, ya VHF ya baharini. Usichukue kigawanyio cha antena ya televisheni ukaunganisha risiva na redio ya VHF kwenye antena moja. Redio hiyo inatoa wati 25 kila unapobonyeza kuongea, na risiva imetengenezwa kusikia mawimbi dhaifu mno. Itaungua siku ya kwanza. Kama nafasi ya antena ya pili haipo kabisa, viko vigawanyio maalumu vya AIS vyenye umeme wake ndani, hivyo tu ndivyo vinavyofaa.

Iweke juu uwezavyo, na mbali na antena ya redio, angalau mita moja. Mawimbi haya huenda karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo urefu ndio unaoamua utasikia hadi wapi. Hesabu ninayoitumia ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya meli, zidisha kwa 2.2. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji na ya meli mita 25, unapata 2 na 5, jumla 7, mara 2.2, karibu maili 15. Boti ndogo mwenzako mwenye antena ya mita 4 naye utamsikia kwa maili chache tu, maana chombo chake kwa kawaida kinatoa wati 2 peke yake.

Kebo ipite sehemu isiyokanyagwa na isiyochunwa na kamba ya nanga. Kwa mita chache RG-58 inatosha. Kwa mlingoti mrefu weka RG-213 iliyo nene. Kwenye plagi ya PL-259, lehemu kwa risasi waya wa kati na ule wa wavu. Kisha, kabla hujafunga antena, pima kebo peke yake: weka multimita kwenye kipimo cha mlio, na kati ya waya wa kati na wavu isilie kabisa. Ikilia, kuna unywele mmoja wa wavu umegusa katikati, kata plagi uanze upya. Nasema kabla ya kufunga antena kwa sababu antena nyingine zimeundwa hivyo ndani, zinaonyesha kama zimegusana ilhali ni nzima, na mafundi wengi hupoteza nusu siku hapo.

Malizia kwa tepu ya mpira inayoshikana yenyewe, uivute ikiwa inazungushwa, kutoka chini kwenda juu, ili maji yashuke bila kuingia kwenye mikunjo. Juu yake weka tepu ya kawaida kuizuia isichomwe na jua. Na kabla kebo haijaingia ndani ya boti iachie tao linaloning'inia, matone ya mvua yadondokee pale chini ya tao yasifuate kebo hadi kwenye risiva.

Umeme

Hapa ni haraka. Chukua umeme kwenye paneli ya swichi, swichi ileile ya plota, ili viwake pamoja. Weka fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha risiva, upande wa chanya, karibu na paneli. Hasi ya risiva na hasi ya plota zifike kwenye sehemu moja. Kama plota yako inazima na kuwaka upya kila unapopiga stata, tatizo ni betri au nyaya nyembamba, na risiva nayo itazima. Maliza hilo kwanza.

Nyaya za data

Kwa NMEA 0183, risiva ina nyaya mbili za kutuma, TX A na TX B, nyingine huandikwa kwa alama ya kujumlisha na kutoa. Plota ina mbili za kupokea, RX A na RX B. Cha kutuma kinakwenda kwenye cha kupokea: TX A kwa RX A, TX B kwa RX B. Usifuate rangi. Kila mtengenezaji ana rangi zake, na bluu ya huyu ni ya kutuma, ya yule ni ya kupokea. Fuata jedwali lililo kwenye kitabu cha kila kifaa.

Plota ikiwa na waya mmoja tu wa kupokea, mpe TX A, halafu TX B iache bila kuunganishwa, ncha yake ikiwa imefungwa tepu. Usiipeleke kwenye hasi. Plota ikiwa na A na B, na risiva ina waya mmoja wa kutuma, basi RX B ya plota ndiyo inayokwenda kwenye hasi.

Mlango mmoja wa kupokea unasikiliza kifaa kimoja. Ukikuta dira ya umeme au GPS ya nje imeshikwa kwenye waya uleule wa RX, usisokote waya wa risiva juu yake. Ni sawa na watu wawili kukunong'oneza sikio moja kwa wakati mmoja. Tumia mlango wa pili wa plota, au angalia kama risiva yako ina mlango wa kuingiza data, maana nyingi zinapokea data ya kifaa kingine na kuituma pamoja na ya meli.

Kisha kasi. Vifaa vya kawaida vya NMEA 0183 huongea kwa biti 4800 kwa sekunde, AIS huongea kwa 38400. Plota nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 4800. Ingia kwenye menyu ya mawasiliano, chagua mlango uliounganisha, weka 38400. Kwenye plota za Garmin utaona imeandikwa "NMEA High Speed".

Mteja wangu mmoja, nahodha wa siku nyingi, alinipigia akiwa karibu na Mbudya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, boti ya Zanzibar naiona kwa macho yangu, kwenye skrini hakuna kitu. Jana ilikuwa inaonekana."

"Taa ya risiva inapepesa?"

"Inapepesa."

"Basi risiva inasikia. Kuna mtu ameigusa plota?"

Mjukuu wake alikuwa ameirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, na mlango umerudi 4800. Tulibadilisha kwa simu, meli zikajaa. Taa ikipepesa na skrini ni tupu, anza na kasi, kisha badilisha A na B zikae kinyume. Kwa kawaida kuzigeuza hakuunguzi kitu, data tu ndiyo haisomeki.

Wenye NMEA 2000 kazi yenu ni nyepesi. Ongeza kiungo cha T kwenye uti wa mtandao, yaani kebo kuu, chomeka risiva kwa kebo isiyozidi mita 6. Uti huo uwe na kizuizi cha omu 120 kila mwisho, viwili tu. Zima umeme, pima kati ya waya mweupe na wa bluu: upate karibu omu 60. Ukipata 120, mwisho mmoja hauna kizuizi.

Kujaribu

Washa, subiri plota ipate GPS yake, maana bila kujua ilipo haiwezi kukokotoa umbali wa meli. Usiwe na haraka. Meli inayotembea hutangaza mahali ilipo kila sekunde 2 hadi 10, iliyotia nanga kila dakika 3, na jina hutumwa kila dakika 6. Kwa hiyo mwanzoni utaona pembetatu yenye namba ya tarakimu tisa bila jina. Namba inayoanza na 674 au 677 ni chombo cha Tanzania, 634 ni cha Kenya. Jina litakuja.

Meli zikionekana chache kuliko unazoziona kwa macho, zima taa za LED na chaja za simu za volti 12, moja baada ya nyingine, uangalie. Nyingine za bei rahisi zinatoa kelele kwenye masafa haya haya, na ukizima unaona meli za mbali zinarudi. Chaja ya namna hiyo itoe kwenye boti.

Weka kengele ya kukaribiana. Naanza na nusu maili na dakika 10, yaani ilie meli ikielekea kupita ndani ya nusu maili kabla dakika 10 hazijaisha, kwa boti zinazovuka mkondo wa Unguja, na ukiingia karibu na meli zilizotia nanga nje ya bandari ipunguze isilie mfululizo, maana kengele inayolia ovyo mabaharia huizima moja kwa moja.

Ngalawa, mashua na majahazi mengi hayana AIS. Hayatatokea kwenye skrini kamwe, na usiku mengine hayana hata taa, hivyo mtu wa kuangalia mbele abaki palepale omo.

Ukitaka na wewe uonekane, utahitaji transponda, chombo kinachosikia na kutangaza pia, badala ya risiva. Nyaya zake za data ni hizihizi, ila inakuja na GPS yake, na inahitaji namba ya tarakimu tisa, MMSI, inayotolewa rasmi kwa chombo chako. Usitunge wala kuazima ya boti nyingine. Transponda nyingi zinaruhusu uingize namba hiyo mara moja tu, na ukikosea itabidi irudi kwa muuzaji, hivyo mpe mwenzako akusomee kutoka kwenye karatasi kabla hujaithibitisha.