Mashine ya kukatia nyasi iliyozama: usiiwashe kwanza

Iwapo maji ya masika yameingia bandani, kama yanavyoingia Mikocheni, Dar es Salaam, kila mara, na mashine ya kukatia nyasi ya kupanda na kuendesha ikazama, usijaribu kuiwasha, kwa kuwa maji yaliyomo kwenye silinda hayashindiliki na yanaweza kupinda konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Chomoa betri, fungua plagi ya cheche, kisha zungusha injini kwa mkono mpaka maji yaishe. Petroli ya tangi na ya kabureta imwagwe yote kwenye dumu, si mtaroni. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji: ibadilishe, iache injini iungurume dakika chache, kisha ibadilishe tena. Chujio la hewa la karatasi halikaushwi, nunua jipya.