Miwani ya uhalisia pepe kwa mwenye kizunguzungu

Mama yangu, wa Langoni hapa Lamu, ana udhaifu wa sikio la ndani upande mmoja. Mazoezi yake ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayoziba macho na kumwonyesha picha kana kwamba yumo ndani yake, nayasimamia mimi.

Kwanza daktari aseme ni ugonjwa gani. Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani mara nyingi ni vijiwe vilivyohama sikioni; hicho hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kwa mtindo wa Epley, si kwa miwani.

Kwa udhaifu kama wa mama, mkalishe kwenye kiti chenye mikono, asiwe ametoka kula. Anza na picha tulivu, dakika mbili tu. Akizoea, picha zisogee: watu sokoni, kisha mawimbi. Ubongo hujirekebisha kwa kukutana kidogo kidogo na kinachousumbua, kwa hiyo kizunguzungu chepesi kinachotulia upesi ni sawa. Kichefuchefu kikija, vua.

Kusimama ni baadaye, mtu akiwa nyuma yake, mbali na ngazi (na ngazi za nyumba zetu mnazijua!).

Umeme ukikatika, kidole gumba chatosha: anyooshe mkono, akikazie macho, ageuze kichwa kulia na kushoto.