Beetle imefungwa injini upya, inarudisha moto kwenye kabureta: anzia kwenye distributa

Haya ni kwa Beetle za 1300 hadi 1600, injini ya kupozwa kwa upepo, yenye pointi na kabureta moja ya Solex. Kama ilikuwa inatembea kabla hujaifungua, usianze na skrubu za kabureta. Kabureta haikuharibika ikiwa imekaa juu ya meza. Shida iko mahali ambapo spana imepita.

Sikiliza mlipuko unatokea wapi. Ukipiga kwenye kabureta wakati wa kuwasha, shuku taiming (wakati wa cheche kupiga), waya za plagi zilizobadilishana, au valvu ya kuingiza isiyofunga. Ukipiga kwenye eksozi wakati wa kuachia mafuta tu, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Hatua ya 1: vipimo. Injini iwe baridi kabisa. Tapeti zote nane 0.15 mm, pointi 0.4 mm, plagi 0.7 mm.

Hatua ya 2: topu ya kweli (pistoni ikiwa juu kabisa) ya silinda namba 1. Hapa ndipo siku nzima hupotea.

Namba 1 iko kulia, upande wa mbele wa gari. Namba 2 iko nyuma yake, karibu na bampa. Kushoto, mbele ni 3 na nyuma ni 4. Video nyingi za Wamarekani husema namba 1 ni "upande wa abiria", kwa sababu usukani wao uko kushoto. Kwa gari la Tabora lenye usukani kulia, huo ni upande wa dereva.

Alama ya puli usiiamini. Puli zimebadilishwa mara nyingi, na ziko ambazo mkato wake pekee ni nyuzi 5 baada ya topu. Chukua plagi mbovu, toa kauri yake, funga bolti ndani yake iwe kizuizi cha pistoni. Ifunge namba 1, zungusha krenki taratibu kwa spana ya 30 (usitumie stata!) mpaka igote, weka alama ya chaki kwenye puli mkabala na maungio ya bloku. Rudisha upande wa pili igote tena, weka alama. Topu ni katikati ya alama hizo. Toa kizuizi.

Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi. Fungua kava za tapeti: kwenye topu ya moto (ile ambayo cheche hupiga), roka zote mbili za namba 1 zinacheza kwa kuwa valvu zimefunga, na valvu za namba 3 ndizo zinapokezana, zote zikiwa wazi kidogo. Ikiwa namba 3 ndiyo inayocheza, zungusha krenki duru moja kamili.

Sasa toa kifuniko cha distributa. Rota itazame kwenye mkato mdogo wa ukingo. Ikitazama upande wa pili, gia ya kuzungusha distributa imeingia kinyume. Distributa yenyewe haiwezi kugeuzwa, meno yake ya chini hayakukaa katikati, ila gia inaweza kukaa vyovyote. Ukitaka gari litembee leo, badilishana waya: 1 na 3, 4 na 2. Injini haijali. Ukitaka kazi safi, toa kwanza pampu ya mafuta na fimbo yake, kisha vuta gia. Angalia sana washa nyembamba zilizo chini yake. Ikidondoka moja kwenye krenki, bloku inafunguliwa tena. Gia ikikaa sawa, mfereji wake unakaribia kukata mraba na maungio ya bloku, na kipande chembamba kinatazama puli.

Waya zifuate mzunguko wa saa: 1, 4, 3, 2.

Hatua ya 3: kuweka moto. Taa ndogo ya volti 12 kati ya waya wa koili unaoingia distributa na bodi, swichi ikiwa imewashwa. Puli iwe nyuzi 7.5 kabla ya topu. Zungusha distributa kama saa mpaka taa izime, kisha kinyume taratibu. Inapowaka tu, kaza. Kwa distributa ya 009 (ya Bosch, isiyo na vakyumu) malizia kwa taa ya taiming: nyuzi 28 hadi 32 kabla ya topu kwenye mizunguko zaidi ya 3,000 kwa dakika. Mimi napendelea ile ya vakyumu. 009 ina tabia ya kusita ukikanyaga mafuta ghafla.

Hatua ya 4: hewa ya wizi. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta na haijachemka, paka maji ya sabuni kwenye mipira ya manifoldi na kwenye vichwa. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Kwa mlipuko wa eksozi, kagua gasketi na klampu za silensa. Mipira ya zamani iliyokauka kwa joto usiirudishe, hata ikionekana nzima. Agiza Dar.

Moshi mweusi na plagi zenye masizi ni jambo jingine: Tabora iko juu ya bahari kwa takribani mita 1,200, hewa ni nyepesi kidogo na mafuta huzidi hewa, hivyo jeti kubwa zaidi itaongeza moshi tu, haitaondoa mlipuko.

Yote yakiwa sawa na bado inarudisha moto, rudi kwenye topu ya namba 1 na utazame valvu za namba 3. Moja ikiwa wazi sana na nyingine imefunga, gia ya kemshafti imeruka jino. Hapo shusha injini: nukta moja ya kemshafti ikae katikati ya nukta mbili za krenki.