Umenyimwa malezi ya mtoto Tanzania? Anzia hapa

Andika barua kwa mahakama kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani). Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Siku hiyohiyo muulize karani mwisho wa kukata rufaa, maana wengi hukwama kwa kuchelewa tu.

Soma ripoti ya afisa ustawi wa jamii mstari kwa mstari. Ikisema “mama hana makazi”, jibu kwa mkataba wa pango na barua ya mtendaji wa mtaa.

Hali ikibadilika baadaye, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kuomba amri ibadilishwe. Dhana ya sheria hiyo kwamba ni vyema mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama hupingika kwa ushahidi. Tafadhali, usimchukue mtoto kwa nguvu: utavunja amri ya mahakama, na jambo hilo litatumika dhidi yako.