Yuriki asidi iko juu na mzee anasahausahau: pa kuanzia

Kliniki hili swali nalipata sana. Mtu anakuja na majibu ya maabara ya baba au mama yake, yuriki asidi (taka inayobaki kwenye damu mwili ukivunja vyakula kama nyama) imewekewa alama ya kuwa juu, anauliza dokta ndo maana anasahau? Huwezi kujibu kwa hiyo namba peke yake, twende taratibu.

Hatua ya 1. Angalia namba imeandikwa kwa kipimo gani. Kuna maabara zinatoa mg/dL na nyingine mikromoli, kwahiyo ukiona 416 ya mikromoli usishtuke, hiyo ni 7 tu ya mg/dL. Wanaume mpaka kama 7 ni kawaida, wanawake mpaka kama 6. Na kama damu ilitolewa siku dole gumba limevimba kwa gauti (ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki kuzidi), namba inaweza kutoka nzuri kabisa wakati ugonjwa upo, rudia wiki 2 au zaidi baada ya maumivu kuisha.

Hatua ya 2. Tafuta nani anaipandisha. Wote mnakimbilia kumnyima mzee nyama choma na bia, sawa vinachangia, maini na dagaa pia, ila figo ndo zinatoa kama theluthi mbili ya yuriki yote kwahiyo kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ipimwe kwanza. Halafu mwaga dawa zake zote mezani: zile za presha za kukojoza (haidroklorothiazaidi) na aspirini ndogo ya moyo zote zinapandisha. Usimwachishe kienyeji lakini!! Presha ikiachwa ndo ubongo unaumia kweli.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanapotea. Utafiti wa Rotterdam uliotoka 2009 ulikuta wazee wenye yuriki ya juu walipata dementia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili) kwa uchache kuliko wengine, ukishaondoa mambo ya moyo na mishipa. Wafaransa, utafiti uliotoka 2018, wakakuta kinyume, hasa dementia ya mishipa ya damu. Mimi sioni ajabu, maana yuriki kwenye damu inapambana na kemikali zinazochoma seli, lakini hiyohiyo inatembea na presha, figo mbovu, unene na sukari, na hao ndo wanaziba vile vimishipa vidogo vya ubongo. Mzee aliyekonda asiyekula vizuri naye yuriki yake inaweza kuwa chini, kwahiyo chini sio lazima iwe habari njema.

Kuipandisha makusudi pia usijaribu, Marekani waliwapa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) inosini, kitu kinachogeuka yuriki mwilini, ili yuriki ipande, majibu ya 2021 yakaonyesha ugonjwa haukupungua kasi na mawe ya figo yakaongezeka. Mwenye gauti tunamshusha chini ya 6, ila wataalamu wa Ulaya wanashauri asikae chini ya 3 miaka na miaka. Asiye na gauti wala mawe, namba tu iko juu? Kwa kawaida hatumwanzishii alopurinoli (dawa ya kushusha yuriki), na kwa ajili ya kumbukumbu ndo kabisa.

Hatua ya 4. Pima kumbukumbu yenyewe. Mpe maneno matatu, mfano embe, meza, mvua, ayarudie. Kisha achore saa yenye namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi (akiweka mshale mfupi kwenye 5 mweleweshe swali kwanza), halafu muulize yale maneno. Kila neno alama 1, saa iliyokaa sawa 2. Chini ya 3 mpeleke akaangaliwe vizuri, hii sio hukumu.

Hatua ya 5. Ukifika huko omba presha, sukari, thairoidi, VVU na kaswende, na vitamini B12 hasa kama anameza metformini (dawa ya sukari) miaka mingi. Masikio pia, kuna wazee tunasema wanasahau kumbe hawakusikia. Na usingizi, na huzuni tangu afiwe.

Ila akichanganyikiwa ghafla, juzi alikuwa mzima leo hakujui, achana na hatua zote hizi, inaweza ikawa malaria, sukari imeshuka, stroki au maambukizi, mkimbize hospitali usiku huohuo.